Mzee Taratibu Akabidhi Kamba ya Shangazi

Ndiyo maana nikasema pale kwenye chai, na narudia hapa kwa maandishi, kwamba mistari sita haimtoshi. Kamati ya sherehe ilinipa mistari sita nyuma ya ratiba, chini ya orodha ya vinywaji, nikaikataa kwa heshima zote. Mtu ameingia katika kituo hiki cha farasi akiwa na nywele nyeusi tii, anatoka na kichwa kinachong'aa kama sahani, na katikati hapo kuna miaka thelathini na moja ya kazi. Tarehe nne ya mwezi huu Mzee Taratibu anastaafu. Mistari sita ingetosha kuieleza kofia yake tu.

Alianza kwa kuzoa samadi. Toroli, sepetu, na banda refu lenye farasi waliokuwa wakimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Baadaye akapewa kazi ya kulisha, kisha kupiga brashi, kisha akawa mkuu wa watunza farasi wote, cheo ambacho hakukitangaza hata kwa mkewe mpaka barua ya mshahara ilipomchongea. Jina la Taratibu alipewa na madereva wanaoleta majani makavu, kwa sababu ndilo neno analomwambia kila kiumbe: farasi akikurupuka, taratibu, lori likirudi nyuma, taratibu, mkurugenzi akishuka ngazi akiwa na simu sikioni, taratibu bosi mkubwa. Siku ya harusi yangu, nikiwa naingia ukumbini kwa mbwembwe zote na viatu virefu, nilisikia sauti kutoka viti vya nyuma ikisema lile lile neno. Nilitii, na ndiyo maana picha zangu zimetoka vizuri.

Wafanyakazi wa zamani watakumbuka yule farasi mweusi aliyeogopa miavuli. Mwavuli ukifunguka hata ng'ambo ya barabara, yeye yuko juu ya uzio. Mzee Taratibu hakumchapa wala hakumfokea. Alinunua mwavuli wa rangi ya waridi, akawa anafanya nao kazi zote, kiangazi kizima, jua likiwaka na wingu hata moja halipo. Anazoa samadi chini ya mwavuli. Anakunywa maji chini ya mwavuli. Wapita njia walikuwa wakisimama kumhurumia, na mama mmoja alikuja mapokezi kuuliza kama yule mzee ana ndugu wa kumwangalia. Mvua za kwanza zilipofika, farasi mweusi alikuwa anautafuta mwavuli mwenyewe ili ajikinge.

Lakini kazi ambayo imempa heshima kubwa ni ile ya Jumamosi asubuhi. Kwa wageni wasiotujua, siku hiyo kituo hupokea watoto wanaokuja kupanda farasi kama tiba: watoto ambao miguu yao ni migumu, au migongo yao haijui kukaa wima. Farasi akitembea pole, nyonga za mtoto aliyekaa juu yake nazo hucheza kana kwamba anatembea mwenyewe, na misuli hujifunza. Wasaidizi wawili hutembea pembeni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja ameshika mguu wa mtoto. Mbele kabisa anatembea kiongozi mwenye kamba. Tangu masomo hayo yaanze, kamba hiyo ilikuwa mkononi mwa Mzee Taratibu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuanguka.

Farasi wa kazi hiyo alimchagua yeye. Uongozi ulitaka kununua farasi kijana mweupe, wa kupendeza kwenye picha. Mzee akamleta jike la kahawia, mnene, mwenye uso wa shangazi aliyefika ugenini akakuta hajawekewa kiti. Tangu siku hiyo anaitwa Shangazi, na anastahili. Usipomsalimia asubuhi, atakukanyagia kiatu, tena kwa makusudi.

Kila somo, kabla ya hatua ya kwanza, Mzee husimama kando ya sikio la Shangazi na kumpa habari za siku. Leo anakuja fulani, ana mafua. Leo nyasi zimelowa. Leo mkurugenzi ana hasira, tusipite karibu na dirisha lake. Farasi, anasema, anaweza kuvumilia jambo lolote isipokuwa kushtukizwa. Wapo waliomcheka mwanzoni. Siku hizi hata mhasibu akipita bandani humwambia Shangazi hali ilivyo, na kusema kweli Shangazi anajua mambo mengi ya ofisi hii kuliko bodi.

Sasa nifike kwenye familia moja, kwa sababu huwezi kumweleza Mzee Taratibu bila wao, na mimi siwezi kuwaeleza bila kutabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu.

Walifika Jumamosi moja kwenye gari lenye vumbi la saruji. Baba ni fundi mwashi, pande la mtu. Mama ni fundi cherehani. Katikati yao binti yao, wakati huo ana miaka sita, miguu imekakamaa tangu kuzaliwa, na shuleni alikuwa akifungwa mkanda kwenye kiti ili asiporomoke. Alimtazama Shangazi kuanzia kwato mpaka masikio, akatoa amri farasi huyo apigwe brashi upya kwanza, upande wa kushoto haujakaa sawa. Mzee Taratibu akaenda kuchukua brashi. Kuanzia dakika hiyo binti huyo ni Bosi, na hakuna anayemwita vinginevyo hapa kituoni.

Tatizo alikuwa baba. Mtu anayepanda jukwaa la ghorofa ya nne bila kushika popote alibaki ndani ya gari, vioo juu, milango imefungwa, akisema anasubiri simu. Mzee hakumlazimisha. Alimpa Shangazi habari kwamba kuna jamaa kwenye gari, ni mtu mzuri, ila anahitaji muda. Wiki baada ya wiki baba akasogea: kutoka garini hadi langoni, kutoka langoni hadi kwenye uzio. Siku aliyokubali kumlisha Shangazi karoti, aliirusha kutoka mbali kama mtu anayerusha jiwe mtoni, ikampiga mkurugenzi begani. Leo hii baba huyo ndiye anayemnyanyua Bosi na kumkalisha kwenye tandiko, na mama alishona foronya laini ya kulifunika tandiko hilo, yenye mifuko miwili ambayo mpaka leo hakuna aliyegundua ni ya nini.

Kwa kuwa baba alikuwa bado kwenye uzio, alihitajika mtu wa familia wa kushika mguu wa kulia. Akaja mjomba, kaka yake mama, fundi umeme. Mguu wa kushoto nilikuwa nashika mimi, binti wa mapokezi, kwa sababu Jumamosi simu huwa hazilii sana.

Wapenzi wasomaji, mnajua kinachotokea watu wawili wanapotembea pande mbili za farasi mmoja kila wiki, wakizunguka uwanja, na kila wakiinua macho kumwangalia mtoto wanakutana wao kwa wao juu ya tandiko. Mimi nilijua naficha vizuri. Mpaka asubuhi moja nikachelewa kidogo kufika uwanjani, nikamkuta Mzee Taratibu ameinamia sikio la Shangazi anatoa habari za siku.

“Kulia yuko mjomba, kushoto yuko binti wa mapokezi. Hao wawili hawaoni tena njia. Itabidi uone wewe kwa niaba ya wote.”

Nilirudi nyuma ya banda nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Leo fundi umeme huyo ni mume wangu, tuna miezi miwili ya ndoa, na neno “mume wangu” bado nalitumia hata pasipohitajika, kama mlivyoona hivi punde. Mshenga wetu ni farasi.

Turudi kwa Mzee. Barua yake ya kustaafu ilitoka, naye akafanya kama alivyozoea maisha yake yote: habari kubwa ikamfikia Shangazi kwanza. Akamwambia kwamba magoti yamekataa, kwamba mwezi ujao kamba itashikwa na mtu mwingine, binti wa mapokezi, na amvumilie. Aliyasema taratibu, akiwa ameupa mlango kisogo. Mlangoni, kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa helmeti yake tayari, alikuwa Bosi. Baba yake alikuwa amemsogeza pale akarudi garini kuchukua chupa ya maji.

Bosi hakulia. Alipanda, akamaliza somo kimya, na aliposhushwa akatangaza msimamo wake mbele ya wote. Babu, ndivyo anavyomwita Mzee, akistaafu, naye anastaafu.

Tulicheka, jamani. Mstaafu wa miaka minane. Mjomba wake akamuuliza kama naye atapewa saa ya ukutani. Lakini mama hakucheka, na baadaye akanivuta pembeni akanieleza kwa nini. Katika miaka hiyo miwili ya kupanda, mgongo wa Bosi ulikuwa umepata nguvu kiasi kwamba mkanda wa shuleni ulifunguliwa. Anakaa mwenyewe, anaandika mwenyewe, anampiga jirani yake rula mwenyewe. Daktari wake wa viungo alikuwa amewaambia wazi kwamba akikatisha mazoezi, nyonga zitakaza tena, na mkanda utarudi. Na mtoto yule, alisema mama, akishasema hataki, hata umpe dunia.

Hapo ndipo mimi na mume wangu tukapata akili, ile akili ya watu wenye furaha iliyopitiliza, ambayo kwa kawaida si akili. Tulijiuliza: Bosi akiwa juu ya farasi, anamwona nini Mzee Taratibu? Mgongo. Mzee huwa hageuki. Basi Jumamosi ambayo Mzee alienda kushughulikia karatasi zake za kustaafu, mume wangu akavaa koti la kijani la Mzee na ile kofia yake, akasimama mbele ya Shangazi akiwa ametupa mgongo, ameinama kidogo kwa ajili ya magoti. Tuliwaza kwamba Bosi akizunguka mara moja bila tatizo, mwishoni tutamwonyesha kwamba kumbe inawezekana. Baba akamkalisha, mama akashika mguu wa kulia. Mume wangu akavuta kamba. Shangazi akanusa koti, akaondoka.

Akaondoka, ila si kuzunguka uwanja. Alipita langoni, akakata kona ya bomba, akaenda moja kwa moja hadi dirisha la jikoni, akasimama. Kwa Shangazi, koti lile asubuhi likiwa halijamwambia neno lolote lina maana moja tu: chai, ambayo kila siku Mzee huifuata dirishani pamoja naye kabla ya kumpa habari. Mume wangu alivuta kamba, akaahidi, akaomba. Shangazi aliangalia dirisha. Dirisha likafunguka, na mpishi, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye sufuria, akatoa kikombe cha chai na kipande cha mkate uliopakwa siagi, akamwambia koti kwamba leo amechelewa. Mkate akaula Shangazi. Mimi nilikuwa nimeshikilia mguu wa Bosi huku machozi ya kicheko yananitoka, baba ameegemea ukuta hana nguvu, na Bosi mwenyewe anacheka mpaka helmeti imemfunika macho.

Kisha akaisukuma helmeti juu, na kicheko kikaisha.

“Mjomba, vua koti la Babu,” alisema. “Halafu mnishushe.”

Alisema bila kupandisha sauti. Baba akamshusha. Safari ya kurudi kwao, mama alinipigia baadaye kunieleza, Bosi hakutoa amri hata moja, hata kwenye taa za barabarani ambako kwa kawaida humwambia baba yake lini aondoke.

Jumatatu tulimweleza Mzee Taratibu. Alicheka habari ya mkate mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alituambia kwamba koti halina kosa. Kosa ni kwamba hatukumwambia Shangazi ni nani anashika kamba, na hatukumwambia mtoto. Akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba yeye ametutangulia kwa kosa hilo, maana alimwambia Shangazi akamwacha Bosi.

Jioni ile ile alienda kwao. Miaka yote ya masomo hayo wazazi ndio wamekuwa wakimfuata yeye. Siku hiyo yeye ndiye aliyepanda basi na magoti yake, akapanda na ngazi, akagonga. Mama alisimamisha cherehani. Mzee akavuta kigoda, akakaa usawa wa kiti cha Bosi, akasema kwamba amekuja kumpa habari, na kwamba habari hiyo ilitakiwa imfikie yeye kabla ya mtu yeyote. Mama ndiye aliyenisimulia, na aliyasimulia akiwa na sindano mdomoni, kwa hiyo yaliyo muhimu ndiyo haya.

Bosi aliuliza ni kwa nini anaondoka. Akaambiwa ni magoti, akayachunguza magoti kwa macho, akaridhika. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote, na kamati yetu na keki yetu, hatukulifikiria.

“Utaogopa, bila farasi?”

Mzee hakumficha. “Kidogo, Bosi. Sijawahi kuamka nyumba isiyo na farasi wa kwenda kumwona.”

Bosi alifikiri. Anajua kuogopa kidogo. Siku yake ya kwanza juu ya Shangazi alitetemeka mpaka mimi niliyemshika mguu nikatetemeka naye. Na siku hiyo hakuna aliyemwambia asiogope. Waliambiwa tu, yeye na farasi, nini kitafuata.

“Basi Jumamosi uje,” akaamua. “Ila usishike kamba. Utakaa kwenye benchi, uanze kuzoea.”

Kwa hiyo nilikuwa na siku nne za kujifunza kazi ya miaka thelathini na moja. Mzee alinifungia kamba kwenye toroli nikaliongoza kuzunguka ua, huku yeye akinikosoa jinsi ninavyoliangalia toroli kwa wasiwasi, na farasi wote wametoa vichwa nje ya vyumba vyao kama watu kwenye madirisha ya ghorofa kukiwa na ugomvi chini. Siku ya tatu nikapewa Shangazi mwenyewe. Alinikanyagia viatu vyote viwili, kimoja baada ya kingine, ili kusiwe na upendeleo.

Jumamosi ikafika, na nani alilala? Baba alikuja na suruali ya kutokea. Mama aliketi kwenye uzio, cherehani imefungwa siku nzima. Mume wangu alichukua mguu wa kulia, na baba mwenyewe, yule wa vioo juu, akachukua mguu wa kushoto uliokuwa wangu. Mzee Taratibu alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Nilishika kamba. Shangazi aligeuza shingo, akamwona amekaa, akakita miguu. Niliita. Nilivuta taratibu. Hakutikisika. Nilimtazama Mzee aniokoe, naye akawa anayaangalia mawingu, ingawa nilimwona mkono umeshikilia ubao wa benchi kwa nguvu.

Ndipo Bosi akainama. Mtoto ambaye miaka miwili iliyopita hakuweza kukaa bila mkanda aliinama mbele mwenyewe, akalaza kifua kwenye singa za shingoni mwa Shangazi, mdomo ukafika sikioni.

“Shangazi, habari za leo. Babu yuko kwenye benchi, haumwi, amestaafu. Kamba ameshika mke wa mjomba. Hajui vizuri. Mguu wa huku ameshika baba, usimkanyage. Mimi niko. Haya, twende.”

Akanyanyuka, akakaa wima. Shangazi akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa tu, akatembea. Tukazunguka uwanja, tukazunguka tena, Bosi akinielekeza nyuma ya kisogo changu kwamba napinda mno, nakaza mno, natabasamu mno. Katika kila mzunguko tulipita mbele ya benchi, na katika kila mzunguko Mzee alikuwa amekaa pale pale. Mwishoni Bosi alitoa uamuzi kwamba nimefeli, na kwamba nirudi Jumamosi ijayo. Na yeye pia atarudi, kwa sababu hawezi kuniacha katika hali hiyo. Mama alishuka kutoka kwenye uzio akaenda kumkumbatia Mzee Taratibu, na sijui nani kati yao aliyemshikilia mwenzake.

Mzee wetu, sasa nakugeukia wewe mwenyewe, maana sherehe itakuwa na kelele na mimi nikishika kipaza sauti nitalia. Ahsante kwa banda safi, kwa watunza farasi wote uliowafundisha, kwa watoto wote walioshuka salama. Ahsante kwa kutuonea njia, mimi na mume wangu, tulipokuwa hatuioni. Nyumba ya binti yako, unakohamia, tumeambiwa ina kibaraza kinachopata jua la asubuhi na wajukuu wanaoamka mapema; uwe na afya humo, magoti yapumzike, chai ikufikie bila kuifuata, na kila siku yako mpya ije taratibu.

Na usidhani umetuponyoka. Bosi amekwisha panga safari: baba anaendesha, mama anashona mto wa kiti chako, mume wangu ataangalia nyaya za kile kibaraza, mimi nabeba keki, na kiti cha mbele ni cha Bosi ili aelekeze njia. Anataka kuona kwa macho yake unaendeleaje na hiyo nyumba isiyo na farasi. Kabla mwezi huu haujaisha tutagonga mlangoni kwako. Tumekuambia mapema.